Kainjini ka kwanza: kutengeneza injini ya kuyumba kwa lezi ndogo ya nyumbani, ukiwa Mtwara

Juu ya friji yetu hapa Shangani kuna kainjini kadogo, silinda ya brasi, gurudumu la kasti (chuma cha kumimina), ukikachomekea mpira wa pampu ya baiskeli na mtu akapampu taratibu kanaanza kugonga tiki tiki tiki na watoto wa mtaa wote wanakajua, wakipita wanaomba "mjomba washa ile". Hakana kazi yoyote. Hakasagi, hakavuti maji, hakachaji simu, mama watoto aliuliza mara moja tu faida yake akaacha. Ila kwa mtu anayetaka kujifunza kukereza chuma nyumbani sijaona kitu kingine kinachokufundisha mambo mengi hivyo kwa vyuma vichache hivyo, na karibu vyote unaviokota skrepa.

Inaitwa injini ya kuyumba kwa sababu silinda yenyewe ndo inayumba kushoto kulia ikifuata krenki, yaani kile kisahani chenye pini pembeni kinachozunguka na shafti. Valvu hamna. Silinda ina tundu moja ubavuni, bamba inaloegemea lina matundu mawili, silinda ikilala upande huu tundu lake linakutana na tundu la kuingiza upepo, pistoni inasukumwa, ikilala upande wa pili linakutana na tundu la kutolea, upepo unatoka, na gurudumu zito ndo linavusha ile sehemu ambayo hakuna msukumo. Basi. Ni injini inayosamehe mengi sana, utakosea urefu wa hiki, unene wa kile, bado itazunguka. Vitu viwili tu haisamehi, nyuso mbili zinazotelezeana zisipokuwa bapa kabisa, na yale matundu yasipokaa umbali wake. Nasema mapema ili ujue wapi pa kutulia na wapi pa kukimbiza.

Tuanze na lezi yenyewe (vitabuni wanaiita kerezo, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kinakikata). Kwa nyumbani nyingi utakazokutana nazo ni zile ndogo za Kichina zinazobeba kazi ya mpaka 180 mm, na mara chache sana unakuta ya Kiingereza ya zamani kama Myford ML7 iliyoanza kuuzwa 1946, ukiikuta hiyo kwa bei ya maana usirudi nyumbani kufikiria. Mtwara hapa ni bahati nasibu, wengi tunaishia Dar pale Gerezani, ni kilomita kama 560 na mzigo ni mzito, kwa hiyo kagua hukohuko maana kurudisha ni kilio. Wengi wetu hela inaonekana msimu wa korosho, mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, na wauzaji nao wanajua ukisema unatoka kusini hahaha.

Kukagua iko hivi. Funga chuma kirefu kwenye chaki, na chaki ninayoongelea humu sio ya ubaoni, ni ile yenye meno inayoshika kazi. Shika kile chuma kiinue na kukikandamiza kwa nguvu, ukihisi kinagonga basi spindo (shafti inayozungusha chaki) imelegea, inaweza kuwa beringi ya kukaza tu au ya kubadilisha. Kama una dayo geji (saa ya mshale inayopima mia za milimita) hata bora, iweke juu ya chuma karibu na chaki, ikicheza 0.01 au 0.02 mm poa, ikivuka 0.05 anza kushusha bei. Halafu kitanda. Kitanda cha lezi kinalika karibu na chaki kwa sababu huko ndo kazi zote zinafanyika, upande wa mwisho unabaki mpya. Sogeza gari (lile linalobeba tuli, yaani kisu cha kukatia) mpaka karibu na chaki, kaza vibati vyake mpaka lisicheze ila lisogee, kisha lizungushe kwenda mwisho wa kitanda. Likianza kubana kadri linavyoenda mbali basi pale mwanzo pameliwa. Kuliwa kidogo sio mwisho wa dunia kwa kazi yetu hii, ila bei iongee.

Ukifika nayo nyumbani usiiwashe kwanza. Meza. Lezi ndogo ikiwa juu ya meza inayotetemeka inakata kama panya anatafuna, utalaumu tuli, utalaumu chuma, kumbe meza. Mi nilichomelea fremu ya angle aini za 50 mm, juu nikaweka mbao nene, nikaibana ukutani kwa bolti nne. Lezi yenyewe ifungwe kwa bolti zake bila kulazimisha, mguu mmoja usipogusa weka kipande cha bati chini yake ndo ukaze, maana ukikaza mguu unaoning'inia unapinda kitanda na itakukerezea vitu vyembamba upande mmoja mpaka ujiulize umerogwa na nani.

Kuhusu kutu watu wa bara hawatuelewi kabisa. Hapa Shangani, Mikindani au pale Lindi mjini karibu na maji, chuma kilichong'arishwa jioni asubuhi kina madoa, hewa ina chumvi, na kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne mvua zikishika ndo balaa. Kila ukimaliza futa mabaki yote ya chuma halafu paka oili safi kwenye kitanda na chaki. Oili chafu ya gari usipake kamwe, najua ni ya bure pale kwa fundi, lakini ile ina tindikali ya moto wa injini na vumbi la chuma, unapaka kutu na msasa kwa pamoja. Haidroliki 68 inauzwa kwenye maduka ya vilainishi, lita moja inakaa muda mrefu. Funika kwa shuka la pamba, la zamani, sio nailoni, nailoni inatoa jasho ndani. Na mi naacha balbu ya zamani ya wati 40 inawaka ndani ya kabati la vifaa, ile yenye waya wa moto, LED haina joto la kutosha. Joto kidogo tu linafukuza unyevu. Ni luku kidogo inaenda, sawa, ila biti na tapu zako (zile za kukata thredi ndani ya tundu) zinabaki salama.

Umeme. Lezi nyingi za nyumbani ni za fezi moja, ukikuta ya zamani ina mota ya fezi tatu usiikimbie, kuna invata za kugeuza fezi moja kuwa tatu na zinakupa na uhuru wa kupunguza mwendo. Hakikisha earth ipo kweli, sio waya wa kijani uliokatwa nyuma ya soketi. Ila kubwa zaidi kwa mazingira yetu ni umeme ukikatika katikati ya kazi. Watu wanasimama wanasubiri urudi, mashine imewashwa, tuli imeng'ang'ania kwenye chuma, umeme unarudi wewe uko nje unaongea na simu. Umeme ukikatika kitu cha kwanza zima swichi, cha pili rudisha tuli nyuma, ndo uende ukanywe chai. Na ufunguo wa chaki usiuache kwenye chaki hata sekunde moja, mi wangu ulishawahi kuruka ukatoboa dari, ungenipata usoni nisingekuwa naandika hapa. Mikono mirefu hapana, glavu hapana, mkufu hapana, msuli hapana, miwani ndio. Zile nyuzi za chuma zinazotoka usizivute kwa vidole, zinakata kama wembe, tengeneza kandoano ka waya.

Haya tuli, na hapa ntakaa kidogo kwa sababu nusu ya wanaokata tamaa na lezi wanakata tamaa hapa. Nunua vipande vya HSS (high speed steel, chuma kigumu cha kukatia) vya 8 mm, vile vya kunoa mwenyewe, vya kabaidi viache kwanza, mashine ndogo haina ubavu wa kuvifanyia kazi inavyotakiwa. Unanoa kwenye grenda ya meza. Cha kukumbuka ni kwamba ncha tu ndo iguse chuma, kila kilicho chini ya ncha kirudi nyuma, kwa hiyo mbele na ubavuni unanoa kwa mteremko wa digrii 8 mpaka 10 kuelekea chini. Juu kwa ajili ya chuma cha kawaida unanoa mteremko wa digrii kama 10 hadi 15 ili mabaki yateleze. Kwa brasi juu acha bapa, digrii sifuri, maana tuli yenye mteremko juu inaivuta brasi na kuzama ghafla, unashtukia kazi imeng'oka kwenye chaki. Chovya kwenye maji mara kwa mara uweze kuishika. Ikibadilika rangi kidogo usihofu, HSS inavumilia joto, sio kama chuma cha tupa ambacho kikigeuka bluu kimekufa. Malizia na jiwe la oili kwa mkono, ncha iwe na kaduara kadogo sana, sio sindano.

Kisha urefu wa tuli, ncha lazima iwe sawasawa na katikati ya kazi. Kuna ujanja wa rula. Chukua rula nyembamba ya chuma, ibane taratibu kati ya ncha ya tuli na chuma cha duara kilichofungwa kwenye chaki (mashine imezimwa jamani). Rula ikisimama wima tuli iko katikati. Kichwa cha rula kikiinamia kwako tuli iko chini, weka bati chini yake. Kikilala kuelekea kule upande wa kazi tuli iko juu. Dakika moja tu na inaondoa matatizo ya wiki nzima.

Mwendo nao una hesabu yake, zidisha 318 kwa kasi ya ukataji ya chuma hicho kwa mita kwa dakika, gawa kwa kipenyo kwa milimita, unapata mizunguko kwa dakika. Chuma cha kawaida na HSS chukua 25, kasti 20, brasi 60, alumini unaweza kupanda zaidi. Kwa hiyo chuma cha 20 mm ni kama mizunguko 400, na gurudumu la kasti la 50 mm ni kama 130 tu. Wengi wanakimbiza mno, tuli inaungua wanasema HSS ni feki. Chuma cha kawaida tia oili, alumini tia mafuta ya taa, brasi na kasti kata kavu.

Sasa vifaa vya injini. Brasi ya silinda utaipata kwenye valvu kubwa za maji za zamani au wale wanaokata meli na mashua mbovu, unataka kipande utakachokifikisha 16 kwa 20 mm na urefu 40. Shafti ya 6 mm chukua kwenye printa mbovu, vile vyuma kichwa cha printa kinapotelezea vimesagwa vizuri mno, vimenyooka kuliko chochote utakachokereza wewe mwaka huu. Bamba la kusimama ni alumini ya 6 mm, upana 50 urefu 110. Gurudumu tafuta kasti, mi langu nililitoa kwenye jiwe la mizani la zamani, gurudumu la cherehani bovu nalo linafaa. Bomba za upepo ni antena ya redio, zile za kuvuta, ni brasi tupu za saizi mbalimbali zimeingiana, chagua ile ya 4 mm.

Vipimo vikuu ni hivi, andika ukutani. Tundu la silinda, lile pistoni inamopita, 10 mm. Krenki, toka katikati ya shafti mpaka katikati ya pini, 10 mm. Toka shafti mpaka pini ya silinda inapoyumbia, 50 mm. Toka pini ya kuyumbia mpaka tundu la upepo, 15 mm. Hizo tatu za mwisho zinazaa ya tano, matundu ya bamba yanakaa umbali gani kutoka mstari wa katikati, nayo ni 15 mara 10 gawa kwa 50, yaani 3 mm kila upande. Na hapo ndo nilipoangukia mi mara ya kwanza. Nilitoboa matundu kwa biti ya 3.5 kwa kufikiri tundu kubwa upepo mwingi nguvu nyingi, injini ikakaa wiki mbili haizunguki, inapuliza tu kama mtu mwenye pumu. Silinda ikiwa katikati kabisa inatakiwa ifunge matundu yote mawili, sasa kama umbali ni 3 na tundu ni 3.5 yote mawili yanakuwa wazi kidogo kwa pamoja na upepo unaingia huku unatokea kule. Kipenyo cha tundu lazima kiwe chini ya ule umbali. Tumia 2.5 mm, unabakiwa na nusu milimita ya kufungia.

Silinda. Nyoosha kipande chako kifike 16 kwa 20, kwa tupa kama huna mashine ya kupasulia, mi nilitumia tupa na pembe mraba, jioni mbili. Katikati ya tundu la silinda iwe 12 mm kutoka ule uso utakaotelezea kwenye bamba, sio katikati ya kipande, ili upande huo ubakie na unene wa 7 mm wa kushikilia pini. Kwa hiyo unahitaji chaki ya meno manne yanayosogea kila moja peke yake. Piga alama kwa senta panchi, funga, weka ncha ya teilistoki (kile kichwa cha upande wa mwisho wa kitanda) karibu na alama, zungusha kwa mkono, legeza jino hili kaza lile mpaka alama isiyumbe. Mara ya kwanza itakuchukua nusu saa na matusi, mara ya kumi dakika tatu. Toboa kwa biti ndogo kwanza, panda mpaka 9.5 au 9.8, kina cha 32 mm, USITOBOE kutokezea ng'ambo, tunataka kipofu ili tusihangaike na kifuniko. Malizia na rima (kama biti, ila ya kulainisha tundu lifike kipimo) ya 10 mm kwa mwendo wa taratibu. Rima huna? Pita na tuli ya ndani mpaka paende laini, kikitoka 10.1 au 10.2 sio kesi, kwa sababu silinda inatangulia na pistoni inaifuata, kinyume chake ni kujitesa.

Kwenye uso ule wa 7 mm toboa tundu la pini, 16 mm kutoka mdomo wa silinda, kwa biti ya 3.3 na tapu ya M4, kina 5.5 mm tu usije ukatokea ndani. Halafu tundu la upepo la 2.5, mm 31 kutoka mdomo, hili litokee ndani. Kati yao ni 15, hakikisha. Kisha chukua biti kubwa upanue kidogo mdomo wa lile tundu la M4, maana tapu inainua ukingo na ukingo huo mdogo ambao hata jicho halioni unaizuia silinda kukaa bapa.

Pistoni kereza brasi au kasti, urefu 14 mm, na hapa nenda pole. Ikibaki 0.02 mm acha tuli, maliza kwa msasa namba 600 wenye oili, jaribu, safisha, jaribu. Iingie kwa uzito wake mwenyewe ikiwa na oili, bila kutikisika. Kuna kipimo hakidanganyi, ziba tundu la upepo kwa kidole, vuta pistoni kidogo, iachie. Ikirudi yenyewe umefaulu. Chora mifereji miwili myembamba ya kushika oili, ringi hamna haja. Fimbo yake ni chuma cha 4 mm chenye thredi pande mbili, upande mmoja kwenye pistoni, mwingine kwenye kakipande ka brasi kenye tundu la 4 mm la pini ya krenki, na toka katikati ya tundu hilo mpaka kichwa cha pistoni iwe 53.5 mm. Kwa sababu ni thredi utarekebisha. Ikiwa ndefu pistoni inaziba tundu la upepo ikifika juu, ikiwa fupi unapoteza tu upepo kidogo, kwa hiyo ukikosea kosea kwa ufupi.

Kisahani cha krenki kipenyo 28 unene 6, tundu la shafti katikati na la pini 10 mm pembeni. Pini ya 4 mm. Shafti kwenye kisahani ingia kwa kubana au gundi ya beringi ile ya kijani. Gurudumu nalo ni 50 mm na bolti ya kujifungia ya M4, kumbuka tu kasti ina ganda gumu lenye mchanga, pita la kwanza zama chini ya ganda, ukilipapasa juujuu linakula ncha. Na ukitaka kukatisha kipande kwa tuli ya kukatishia kwenye mashine ndogo jiandae kwa kelele, mi siku hizi natumia msumeno wa chuma halafu nasawazisha uso, sioni aibu.

Bamba sasa. Tundu la shafti 32 mm kutoka chini, na bushi ya brasi ndani yake, tundu la pini ya kuyumbia 50 mm juu ya hilo, mstari mmoja. Matundu mawili ya upepo ndo usiyapime kwa rula, jicho litakudanganya. Tengeneza kijibati kirefu cha chuma, toboa tundu la 4 mm, 15 mm juu yake tundu la 2.5, na chini kwenye ncha ya pili chonga mfereji wa upana wa 4 mm. Kifunge kwenye bamba kwa bolti kupitia lile tundu la kuyumbia, mfereji uingie kwenye pini ya krenki. Ukizungusha krenki kijibati kinayumba kama silinda itakavyoyumba. Zungusha mpaka kichwa chake kifike mwisho kabisa upande wa kushoto, pale kinapotaka kuanza kurudi, bana na klempu, pitisha biti ya 2.5 kwenye tundu toboa bamba. Rudia kulia. Matundu yamekaa mahali pake bila hesabu, na kama krenki yako ilitoka 9.8 badala ya 10 matundu yameshafuata. Ujanja huu alinionyesha mzee mmoja jirani aliyestaafu kazi ya ufundi bandarini, baada ya kuicheka ile injini yangu ya pumu. Nyuma ya bamba panua kila tundu kwa biti ya 4 mm, kina 4 tu, ugundishe bomba za antena.

Mzee huyo huyo ndo hunisimulia reli ya zamani ya kusini, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza kutoka bandarini mpaka Nachingwea, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa ya upana wa mita moja. Waingereza wanaotengeneza treni ndogo za kupanda wana reli ya inchi tatu na nusu, yaani 89 mm, ukigawa unapata kama moja ya kumi na moja ya reli yetu. Naiwazia sana hiyo, ila tuendelee.

Kusaga nyuso. Kioo cha dirisha kinene, weka mezani, juu yake msasa wa maji namba 400, oili kidogo. Sugua uso wa silinda kwa kuchora namba nane, bila kukandamiza upande mmoja. Paka wino wa maka pen kabla, ukisugua mara kumi uangalie, pale wino ulipobaki ndo bonde. Endelea mpaka wino wote uondoke kwa pamoja, panda 600, halafu 1000. Bamba nalo hivyo hivyo. Usiharakishe hapa hata kama jua linazama na umechoka, injini nzima imekaa kwenye nyuso hizi mbili. Osha kwa petroli kidogo nje ya nyumba, vumbi la msasa likibaki litaendelea kusaga milele.

Funga sasa. Stadi (bolti isiyo na kichwa) ya M4 kwenye silinda, pitisha kwenye bamba, nyuma weka springi, ya kalamu inatosha kwa upepo mdogo, na nati mbili zinazokazana. Oili kila panapoteleza. Zungusha gurudumu kwa mkono, kama pana sehemu inagoma tafuta kabla ya kuweka upepo, mara nyingi ni fimbo haijakaa 12 mm kutoka kwenye bamba kama silinda ilivyo, kwa hiyo inavuta upande.

Upepo anza na pampu ya baiskeli. Ukienda kwa fundi pancha mwambie ashushe, kompresa yake inaweza kuwa na bar 8 na wewe unataka moja au chini ya hapo, presha ikizidi silinda inanyanyuka kwenye bamba na kupuliza. Sukuma gurudumu kidogo, mzunguko wa kwanza haianzi yenyewe. Ikipuliza bila kuzunguka sogeza springi kwanza, halafu rudi kwenye kioo na msasa. Ikizunguka ikasimama ikazunguka, ni msuguano, ongeza oili iache ijizoeshe kwa dakika kumi. Ikienda kinyume na ulivyotaka hamishia mpira kwenye bomba la pili.

Mvuke najua unauwaza. Injini yenyewe inaweza, tatizo ni boila. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi kama mara 1,600 ya yalivyokuwa, na nimeona watu wanataka kutumia kopo la rangi au mtungi mdogo wa gesi, hapana, hilo ni bomu umelipikia mwenyewe. Boila ya kweli ni shaba nyekundu iliyounganishwa kwa fedha, sio risasi, ina valvu ya usalama, na inapimwa ikiwa imejaa maji baridi kwa presha mara mbili ya utakayotumia kabla haijaona moto. Mpaka ufike huko, pampu ya baiskeli na watoto wa mtaa wa kupampu wanatosha.

Ikishatembea kama nusu saa ifungue, angalia nyuso. Ukiona duara linang'aa sawasawa kuzunguka tundu la upepo umemaliza, rudishia. Ukiona mng'ao upande mmoja tu, ni stadi imeingia kwa kupinda, itoe, tapu upya kwa kuisimamisha na pembe mraba, usage tena.